Kasuku Aliyerudi na Mti Usio na Warithi

Bonde la Cocora, karibu na mji mdogo wa Salento katikati ya Kolombia, ni kati ya sehemu zinazopigwa picha zaidi nchini humo. Picha zenyewe hufanana: ukungu wa asubuhi, malisho ya kijani kibichi, na juu ya malisho hayo mashina membamba, meupe, yaliyonyooka mita 40 na zaidi kabla ya kufungua kichwa cha makuti. Huo ni mpalma wa nta, Ceroxylon quindiuense, wa ukoo mmoja na mnazi, mtende na mvumo. Hakuna mti wa ukoo huo duniani unaoufikia kwa urefu; ipo iliyotajwa kufika karibu mita 60. Watalii hupanda farasi, au jipu kuukuu aina ya Willys, kwenda kuutazama. Wengi huondoka wakiamini wameuona mti ulio salama, kwa kuwa umesimama kwa wingi na unalindwa na sheria ya nchi. Mhadhara huu unaeleza kwa nini hawakuona sawasawa, na njia nzuri ya kueleza ni kuuweka mti huo kando ya ndege anayezaa ndani yake.

Ndege huyo ni kasuku masikio-manjano, Ognorhynchus icterotis, wa milima ya Andes. Ana urefu wa sentimita 42 hivi kutoka kichwani hadi ncha ya mkia, mwili wa kijani, mdomo mweusi mzito, na baka la manjano linaloanzia kwenye paji la uso likashuka mashavuni hadi masikioni. Hula matunda ya mpalma wa nta, hulala kwenye makuti yake, na wakati wa kutaga hutafuta shina la mpalma uliokwisha kufa lakini bado umesimama, ambao moyo wake umeoza na kuacha tundu. Tundu hilo huwa juu sana, mara nyingi mita 20 au 30 kutoka ardhini, mahali ambapo wanyama wengi wala-mayai hawafiki. Matunda ya miti mingine anakula pia. Kwa habari ya kiota, hata hivyo, amejifunga kwa mipalma ya nta kuliko kwa mti mwingine wowote.

Hapo zamani makundi yake yalikuwa jambo la kawaida Kolombia na kaskazini ya Ekuador. Misitu ya mlimani ikafyekwa kwa ajili ya malisho, wawindaji wakampiga kwa chakula, wengine wakamnasa kumfuga. Kufikia miaka ya 1990 kundi la mwisho lililojulikana Ekuador lilikuwa limebaki na ndege ishirini hivi, nalo likatoweka kabla ya muongo huo kwisha. Wapo wataalamu waliokwisha kuanza kumweka kwenye orodha ya viumbe waliopotea.

Aprili 1999, watafiti wa Fundación ProAves ya Kolombia, wakisaidiwa na Loro Parque Fundación ya Hispania, walikuta kasuku 81 katika milima ya mkoa wa Tolima, upande wa Roncesvalles. Themanini na mmoja, na wakati huo hakuna wengine waliojulikana duniani. Miaka miwili baadaye kundi la pili likajulikana karibu na mji wa Jardín, mkoa wa Antioquia, na kazi ikaanza kwa kasi ambayo uhifadhi hauioni mara nyingi. Viota vilitafutwa kimoja kimoja na kulindwa. Masanduku ya kutagia yakatundikwa juu ya mashina. Basi lililopakwa rangi za kasuku likapita vijijini kufundisha watoto na wazazi wao. Ardhi ikanunuliwa, vitalu vya miche vikaanzishwa. Ilipofika mwaka 2010 ndege walikuwa wamepita elfu moja, na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia, IUCN, likamtoa katika daraja la walio hatarini kabisa, likamshusha hadi daraja la walio hatarini. Katika historia ya kasuku wa bara la Amerika, ushindi wa namna hii ni wa kuhesabika.

Sehemu ya ushindi huo ililetwa na Kanisa, na hapa mti na ndege hukutana kwa namna ambayo haikutarajiwa. Kwa vizazi vingi Wakatoliki wa Andes walisherehekea Jumapili ya Matawi kwa makuti ya mpalma wa nta. Kuti lililopendwa ni lile changa la katikati, la rangi ya manjano, ambalo halijafunguka, na lilikatwa kwenye mipalma michanga kwa sababu ndiyo ambayo mtu anaifikia akiwa amesimama chini. Pwani ya Afrika Mashariki muumini anayekata kuti la mnazi kwa ajili ya maandamano hana cha kuogopa: mnazi ni mti wa shamba, hupandwa tena na tena. Mpalma wa nta ukikatwa moyo wake mchanga hudumaa kwa miaka, au hufa kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mapadri na maaskofu, pamoja na mashirika ya uhifadhi na serikali, walianza kuwaomba waumini waje kanisani na majani ya mahindi, au mmea mwingine, au mche hai ndani ya chungu ambao ungepandwa baada ya misa. Kuna watu waliogoma. Kuacha desturi ya babu kwa ajili ya ndege lilikuwa ombi zito, na haki inataka lisemwe hivyo. Lakini parokia moja baada ya nyingine ilibadilika, na biashara ya makuti hayo ikapungua sana.

Kwa hiyo ndege alirudi. Swali linalopaswa kuulizwa sasa, na ambalo kelele za furaha zimelifunika, ni hili: je, mti ulirudi pamoja naye?

Historia ya mpalma huu katika maandishi ya Ulaya inaanza mwaka 1801, Alexander von Humboldt na Aimé Bonpland walipovuka njia ya Quindío kutoka Ibagué kwenda Cartago, safari ngumu ya matope na miteremko. Walishangazwa na miti ya ukoo wa mitende iliyoota mahali pa baridi, mita 2,000 hadi 3,000 juu ya usawa wa bahari, wakati ukoo huo ulidhaniwa kuwa wa nchi za joto na pwani. Walishangazwa pia na nta inayofunika shina. Wenyeji waliikwangua, na katika karne ya 19 ilitengenezewa mishumaa na viberiti, kazi ambayo mara nyingi ilimaanisha kuangusha mti mzima. Wahamiaji kutoka Antioquia walipofungua mashamba milimani walitumia mashina yake kwa nguzo, kuta na mifereji ya maji, na matunda yake wakalisha nguruwe. Bado ilibaki mingi. Msitu wa mlimani ulipogeuzwa malisho, wafugaji wengi waliacha mipalma isimame, kwa uzuri wake au kwa sababu haikuwa na madhara kwa ng'ombe.

Mwaka 1949 kamati ya wataalamu wa mimea ilipendekeza mpalma huu uwe mti wa taifa. Bunge la Kolombia lilichukua miaka 36 kulipitisha jambo hilo: Sheria Namba 61 ya Septemba 1985 iliutangaza rasmi, ikapiga marufuku kuukata, na ikaipa serikali mamlaka ya kununua ardhi katika safu ya kati ya Andes ili mipalma ipate hifadhi yake. Kifungu cha marufuku ndicho kilichosikika. Cha kununua ardhi hakikupata msukumo kama huo, na huko ndiko kosa lilikokuwa, kwa maana shoka halikuwa tena adui mkubwa.

Adui ni jua na ng'ombe. Mbegu ya mpalma wa nta huota vizuri kwenye kivuli chenye unyevu chini ya msitu. Mche wake hauanzi kwa kurefuka. Hukaa chini kwa miongo ya miaka, ukitoa kuti baada ya kuti kutoka kwenye kitovu kimoja, huku shina likinenepa chini ya ardhi. Ndipo baadaye linachomoza na kuanza kupanda. Kutoka mbegu hadi mti wa kuzaa ni safari inayozidi maisha ya kazi ya mtafiti mmoja. Mti ukishafika juu unaweza kuishi, kwa makadirio ya wataalamu, karne mbili. Tena jinsia zimetengana: kuna mipalma ya kiume na ya kike, na chavua huhamishwa na wadudu wadogo wa jamii ya mbawakawa. Mpalma wa kike uliobaki peke yake katikati ya malisho, mbali na wa kiume, hauna kazi kubwa ya kufanya hata kama una afya tele.

Sasa mtu aliweke hilo kwenye malisho ya Cocora. Mti mzima umesimama, unatoa maua, unazaa vishada vya matunda mekundu kwa maelfu. Matunda yanaanguka, mbegu zinaota. Jua la mlimani linaunguza miche ambayo ilihitaji kivuli. Inayonusurika jua hukutana na nyasi za malisho zilizosongamana, na inayonusurika nyasi huliwa na ng'ombe au kukanyagwa. Mwaka unaofuata jambo ni lilelile. Hivyo katika malisho hayo kuna mipalma mikongwe, mipalma mikongwe zaidi, na magogo. Ya umri wa kati ni michache, na michanga ni kama haipo. Mingi inayopigwa picha leo ilianza maisha yake chini ya msitu ambao haupo tena. Inaendelea kusimama kwa sababu ni migumu kufa, na ugumu huo ndio unaomdanganya mtazamaji.

Mfano unaofaa ni wa kijiji chenye wazee mia mbili na bila mtoto hata mmoja. Anayehesabu vichwa ataandika kwamba kijiji kina watu mia mbili, na hatakuwa amesema uongo.

Hapo ndipo kulinganisha mti na ndege kunapokuwa na maana. Kasuku hutaga mayai mawili hadi manne, na kinda lake likilindwa huanza kuzaa baada ya miaka michache. Hatari zinazomkabili huonekana mapema katika hesabu: mwaka mbaya, ndege wachache, mwaka mwema, ndege wengi. Kwa hiyo mwenye fedha akitoa leo, ndani ya muhula wa mradi mmoja anaweza kuonyeshwa matokeo. Mpalma haujibu hivyo. Madhara ya miaka ya 1950 bado hayajaonekana yote kwenye idadi ya mashina, na mema yanayofanywa leo hayataonekana hadi mwishoni mwa karne hii.

Hata vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, ambavyo ni vizuri na vimejengwa kwa uangalifu, vina mpaka wake hapa. Kiumbe hupimwa, pamoja na mengine, kwa jinsi idadi yake ilivyoshuka katika miaka 10 au vizazi vitatu, kipindi chochote kilicho kirefu zaidi. Vizazi vitatu vya kasuku ni muda ambao mtu mmoja anaweza kuushuhudia. Vizazi vitatu vya mpalma wa nta vinarudi nyuma hadi kabla ya Humboldt, wakati hakukuwa na mtu wa kuhesabu. Na kwa kutazama mbele, vigezo hivyohivyo vinaishia miaka 100, muda ambao mti mmoja mzima unaweza kuumaliza ukiwa bado umesimama malishoni. IUCN iliuweka mti huu mwaka 1998 katika daraja la viumbe walio katika mazingira hatarishi, ambalo ni jepesi kuliko la ndege wakati ule. Kitabu chekundu cha mimea cha Kolombia kinauweka daraja moja zito zaidi, na waandishi wake wanaonekana kuielewa hali vizuri zaidi, kwa kuwa waliangalia miche na hawakuridhika na mashina.

Afrika ina hadithi iliyogeuzwa juu chini, na inasaidia kuonyesha kwamba ndege na mti wake hawaendi pamoja siku zote. Kasuku ambaye Waswahili wengi wanamjua, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu kutoka misitu ya Kongo, anapenda sana matunda ya mchikichi. Mchikichi uko tele, watu wameupanda na wanaendelea kuupanda. Kasuku ndiye anayepungua: nchini Ghana utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba alikuwa amepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka huohuo mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Johannesburg ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wanaonaswa porini. Huko chakula kipo na mlaji ananaswa kwa ajili ya vizimba. Kolombia mlaji ameokolewa, na meza yenyewe ndiyo inayochakaa.

Mahali ambapo mpalma wa nta bado una familia kamili, wazee kwa watoto, ni katika misitu kama ya Tochecito na Toche, upande wa pili wa safu ya milima kutoka Cocora, katika mkoa wa Tolima. Huko mipalma inahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Kwa miaka mingi wachache tu waliingia, kwa sababu bonde hilo lilikuwa mikononi mwa waasi wa FARC. Vita vilivyoua Wakolombia wengi na kuwahamisha mamilioni viliwazuia pia wenye misumeno, wenye mifugo na wawekezaji; hakuna anayepaswa kuvisifu kwa hilo, ila ni ukweli unaoeleza ramani ya leo. Mkataba wa amani kati ya waasi hao na serikali ulipotiwa saini mwaka 2016, sehemu kubwa ya misitu hiyo ilikuwa bado ardhi ya watu binafsi, miongo mitatu baada ya sheria kuruhusu inunuliwe. Barabara ikafunguka, watalii wakaja, na pamoja nao wale wanaotazama mlima wakiwaza malisho au maparachichi ya kuuza nje.

Wapo pia waliotazama wakiwaza dhahabu. Katika wilaya jirani ya Cajamarca, kampuni ya AngloGold Ashanti, ambayo Watanzania wanaijua kwa mgodi wa Geita, ilikuwa na mradi mkubwa uliopewa jina la La Colosa. Machi 2017 wananchi wa Cajamarca waliitwa kupiga kura, na zaidi ya asilimia 97 ya waliojitokeza walisema hawataki uchimbaji. Hofu yao kubwa ilikuwa maji na mashamba. Kampuni ikasimamisha kazi ya utafutaji. Hakuna aliyepiga kura kwa ajili ya mpalma, lakini milima inayotunza maji ya wakulima wale ni ya safu ileile inayobeba misitu hii.

Turudi kwa kasuku, kwa maana mustakabali wake haujatenganishwa na haya. Anahitaji mti uliokufa. Katika malisho, miaka hii, miti iliyokufa haipungui. Wazee wanaanguka mmoja baada ya mwingine, na ndege anaweza hata kuonekana ana bahati. Kisha magogo nayo yataoza na kulala chini. Kati ya siku gogo la mwisho la kizazi cha zamani litakapoanguka na siku mpalma uliopandwa mwaka 2005 utakapokuwa umekua, ukazaa, ukazeeka, ukafa na kutoboka, kuna pengo la zaidi ya karne. Masanduku ya kutagia yanaweza kuziba sehemu ya pengo hilo, mradi mtu apande juu kuyatengeneza kila yanapooza, kizazi baada ya kizazi cha wahifadhi. Huo ni mzigo mzito kwa shirika lolote linaloishi kwa misaada ya mwaka hadi mwaka.

Kazi inayohitajika haina siri. Kutangaza tena kwamba mti huu ni nembo ya taifa hakutaotesha mche hata mmoja. Kinachotakiwa ni uzio wa nyaya kuzunguka vipande vya malisho vyenye mipalma ya kike na ya kiume iliyokaribiana, ng'ombe wazuiwe humo kwa miongo, na miti ya kienyeji inayokua haraka, kama ule ambao watu wa Andes huuita aliso, ipandwe kwanza ili kivuli kirudi. Miche ya vitaluni ifuate baada ya kivuli, kwa sababu iliyopandwa juani kwa shamrashamra za siku moja hufa kimya kimya. Tochecito inunuliwe ikiwa bado msitu. Kununua msitu uliosimama ni rahisi kuliko kuurudisha, na ndege wakubwa wala-matunda, tukani wakiwemo, ambao humeza tunda na kudondosha mbegu mbali, hufanya kazi ya bure ambayo hakuna kitalu kitakachoiweza kwa kiwango hicho.

Upande wa wafugaji unahitaji haki pia. Anayefunga hekta mbili leo anakosa maziwa ya leo, kesho na ya miaka thelathini, ilhali mapato ya utalii wa Cocora mengi huingia kwa wenye hoteli, mikahawa na jipu. Sehemu ya fedha wanayolipa watazamaji ikipelekwa kwa wenye ardhi walio tayari kuacha kipande kipumzike, mpango huo unaweza kuanza bila kusubiri sheria mpya wala shirika jipya. Ripoti yake ya kwanza yenye maana haitakuwa na idadi ya mashina. Itakuwa na idadi ya miche yenye kimo cha goti, ndani ya uzio, mahali ambapo mwaka uliotangulia hapakuwa na hata mmoja.